Mashine ya Ilunga

Habari ya kifo cha mama Agnès ilinikuta Likasi, katikati ya somo la vipimo vya umeme. Simu ilitoka kwa namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke ikaniambia kwa upole, "Mama yenu amelala jana, tutamuzika kesho," na kabla sijauliza ni mama yupi akaongeza, "mama wa Dilala." Sikuzaliwa na mama Agnès. Nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwake mwaka mmoja tu, nikiwa msichana wa miaka ishirini mwenye diploma mpya ya umeme ambayo hakuna mtu aliyetaka kuiona. Tangu nilipotoka pale sikurudi hata mara moja, ingawa kutoka Likasi hadi Dilala ya Kolwezi si mbali kiasi cha kumshinda mtu anayetaka kwenda. Niliwaachia wanafunzi zoezi, nikafunga nguo mbili kwenye mfuko, na siku iliyofuata, kabla ya saa sita mchana, pikipiki ilinishusha mbele ya nyumba ile ile ya kampuni ya mgodi, yenye baraza fupi na ukuta uliokuwa mweupe zamani. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki. Karibu na lango alisimama mtu mnene kidogo, mwenye mvi kwenye ndevu, ameinamia msalaba wa mbao uliolazwa juu ya meza, anaandika jina la marehemu kwa rangi nyeusi. Aliandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, wenye vidole viwili, ulikuwa umekandamiza ubao usisogee. Aliinua macho akaniona, akamaliza herufi aliyokuwa ameianza, kisha akasema, "Jené. Ingia, bamama beko mu nyumba." Huyo ndiye Ilunga. Nilikuwa sijamsikia akiniita jina langu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nilikaa na akina mama kwenye mkeka, sebuleni, pale pale tulipokuwa tukila. Meza ilikuwa imetolewa ili kupata nafasi, lakini miguu yangu ilijua ilipokuwa. Mwaka ule tulikuwa watu watatu mezani: mama Agnès mwenyewe, ambaye watoto wake wa kuzaa walikuwa wameshahama, mimi mpangaji, na Ilunga, mtoto wa dada yake, aliyekuwa amenizidi miaka miwili. Ilunga alikuwa mchoraji wa vibao. Majina mengi ya maduka na vinyozi wa Dilala yalitoka kwenye brashi yake, na ungeweza kuyatambua kutoka mbali kwa sababu ya mkia aliopenda kuuweka kwenye herufi ya mwisho. Kiangazi kimoja, kazi ya vibao ilipopungua, alifuatana na vijana wengine kwenda kuchimba madini. Jiwe lilimwangukia mkono wa kulia. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa amebaki na kidole kidogo na cha pete tu, na kiganja kilichoshonwa vibaya. Mimi nilihamia pale wiki mbili baada ya yeye kurudi, kwa hiyo sikumjua mtu aliyekuwa kabla. Nilimkuta huyu aliyekaa sebuleni mchana kutwa akiwa ameficha mkono chini ya meza.

Chakula ndicho kilichokuwa kigumu zaidi. Mama Agnès alikuwa akiwapikia wafanyakazi bukari, ugali wa kwetu, na samaki karibu na barabara, na kilichobaki kilirudi nyumbani: bukari ya mahindi, sombe ya majani ya muhogo, dagaa wa kukaanga, siku nzuri nyama. Bukari huliwa kwa mkono wa kulia. Mama alimwekea Ilunga kijiko. Yeye akakisukuma kando na kusema hana njaa. Hali iliendelea hivyo siku kadhaa. Kisha mchana mmoja, bila kusema neno, mama Agnès alinawa mikono, akaketi, akamega bukari kwa mkono wake wa kushoto, akaifinyanga vibaya na kuichovya kwenye mchuzi ukamdondokea kwenye kitenge. Aliendelea kula hivyo kana kwamba alikuwa amekula hivyo maisha yake yote. Nilimtazama, nikamtazama Ilunga, nikahamisha na mimi mkono wangu. Ilunga alitutazama muda mrefu. Mwishowe alimega tonge kwa kushoto. Tangu siku ile, katika nyumba ile, sote watatu tulikula kwa mkono wa kushoto, na wageni waliofika walidhani ni desturi ya kanisa fulani. Mimi nimewafundisha watoto wangu kula kwa kulia. Sijawahi kuwaeleza kwa nini wakati mwingine, nikiwa peke yangu, mkono wa kushoto ndio unaotangulia.

Kazi niliyoipata mwaka ule ilikuwa kwa yaya Fiston, "yaya" kwetu ikiwa ni kaka mkubwa. Alikuwa kijana mwenye haraka, mwenye viatu vilivyong'aa hata wakati wa vumbi, na alikuwa amefungua chumba cha michezo katika gereji ya nyumba moja mitaa miwili kutoka kwetu. Alikuwa na kompyuta tatu za zamani, ambazo zilihitaji matengenezo karibu kila siku, na mchezo mmoja uliopendwa kuliko yote, ule wa watu wawili kupigana ngumi na mateke. Vijana waliucheza kwenye kibodi. Kila wiki nilibadilisha vitufe vilivyovunjwa kwa vidole vyenye hasira. Ilunga alianza kunisindikiza kule kwa sababu alichoka kukaa ndani. Alisimama nyuma ya wachezaji, mkono wa kulia mfukoni, akawaambia kwa sauti ya chini, "Ruka sasa. Hapana, ungoje. Sasa." Kila aliyemsikiliza alishinda. Siku moja mtu akamwachia kiti, akamwambia, "Ikala we, ucheze." Ilunga akacheka kidogo, akatoka nje. Nilimkuta amekaa juu ya tofali, akitazama barabara.

Fiston alikuwa amenunua kompyuta zile pamoja na sanduku la vikorokoro kutoka kwa mgeni aliyekuwa akihama. Ndani ya sanduku mlikuwa na manette ya ndege: ule usukani wa kusimama wima, wenye mpini uliofinyangwa kufuata vidole vya mkono wa kulia na kitufe cha risasi juu yake, ambao watu wa Ulaya huufunga kwenye kompyuta na kujifanya marubani. Hakuna aliyetaka kurusha ndege pale Dilala, na kitako chake kilikuwa na ufa. Nilimwomba Fiston, akanipa bila kufikiri. Nilifika nao nyumbani mchana, nikauweka mezani mbele ya Ilunga. "Weka mukono," nikamwambia. Alisita. Kisha akautoa mkono wa kulia chini ya meza, kwa mara ya kwanza kwa hiari yake, akauegemeza kwenye mpini. Haukushikika. Mpini ulidai kidole gumba na kidole cha shahada ambavyo hakuwa navyo. Lakini kiganja kiliweza kusukuma, na mkono wenyewe, kuanzia kiwikoni, ulikuwa na nguvu kama zamani. "Mukono hauna kosa," nikamwambia. "Kosa ni la hii kitu. Tutaibadirisha." Nilisema maneno yale bila kujua kama ninaweza.

Ilinichukua miezi miwili. Ukiufungua usukani wa namna ile, unakuta vitu viwili vidogo vya kuzunguka ambavyo hupima umeusukuma kiasi gani, kidogo au sana, kama mguu kwenye pedali ya gari. Hiyo inafaa ndege. Mchezo wa ngumi hautaki kujua umesukuma kiasi gani. Unataka kujua tu ndiyo au hapana, kushoto au kulia, na upesi. Jaribio la kwanza, kwenye kompyuta ya Fiston kabla hajafungua, mpiganaji wetu alijikokota kama mlevi. La pili alitembea peke yake hadi ukutani akabaki pale. Nilikwenda Manika, mtaa mwingine wa mji, nikaomba mashine ya fotokopi iliyokufa katika ofisi moja, nikatoa ndani yake swichi nne ndogo zenye sauti kavu zinapobanwa. Nilivitoa vile vya kuzunguka, mahali pavyo nikalehemu resistansi, kipande kinachozuia umeme, yenye nusu ya kipimo chavyo, ili kompyuta iamini usukani umesimama katikati. Swichi moja ikibanwa, njia ya umeme inafupishwa na kompyuta inaona kushoto. Nyingine ikibanwa, njia inakatika na inaona kulia. Leo naweza kulichora jambo hilo ubaoni kwa dakika tano, na wanafunzi hupiga miayo. Siku ile mpiganaji aliporuka pale pale tulipomtaka aruke, Ilunga akasema, "Rudia."

Mbao tuliipata kwenye kabati la mama Agnès. Alituambia tuchukue mlango mmoja kwa sababu, alisema, kabati lenye milango miwili na nguo tatu ni majivuno. Kwa kawaida ubao wa michezo huwa na usukani kushoto na vitufe kulia. Wetu tuliugeuza. Vitufe vinne, vile vya kengele za mlango vinavyouzwa sokoni, tuliviweka katikati, kwa vidole vitano vya mkono wa kushoto. Usukani ulikwenda kulia. Nilikata mpini wote kwa msumeno, na juu ya shina lililobaki nikafunga kikombe cha ngozi, nilichokishona kutoka ulimi wa buti kuukuu la mgodini, chenye umbo la kiganja chake na njia mbili za vidole vilivyobaki. Springi za zamani zilikuwa ngumu. Nikaziondoa nikaweka nne za kalamu, ili hata sukumo dogo litoshe. Kila jioni kabla ya chakula alijaribu, nikapima, nikakwangua ngozi, akajaribu tena. Yeye ndiye aliyepaka rangi ubao, nyekundu na pembeni njano, na kwa mkono wa kushoto akajaribu kuandika neno DILALA. Herufi zilipinda. Alitaka kuzifuta. Nilimkataza.

Wakati huo nilisikia jambo ambalo halikukusudiwa masikio yangu. Nilikuwa naoga nyuma ya nyumba, karibu na dirisha la jikoni, na mama Agnès alikuwa akichambua lengalenga, mchicha wa kwetu. Alimwuliza Ilunga, "Na ule Jené, muko munafanya nini na ile mbao yangu?" Ilunga akajibu, taratibu, kama mtu anayelitafuta neno sahihi: "Mama, eko ananitengenezea mukono."  Nilimsikia mama akiendelea kuchambua. Mimi nilisimama na sabuni machoni, na naweza kusema bila kuogopa kwamba sijawahi kusifiwa tena hivyo, si siku ya harusi yangu, si siku walipoandika jina langu kwenye mlango wa ofisi. Nalieleza hili ili ieleweke kwamba nilijua. Mtu anaweza kuharibu kitu kwa sababu hajui thamani yake. Mimi nilikuwa nimeambiwa.

Tuliupeleka ubao kwa Fiston Jumamosi moja. Ilunga aliketi, akavaa kile kikombe cha ngozi kama mtu anayevaa glavu, na akawashinda vijana kumi na moja mfululizo mpaka umeme ukakatika. Ndani ya wiki mbili watu walikuwa wakija kutoka Kasulo na Manika kumtazama. Hawakuja kumtazama kwa huruma. Huruma iliisha baada ya pigano la pili. Walikuja kwa sababu alicheza vizuri, kwa subira, kama alivyokuwa akiandika vibao. Alianza kutembea na mikono yote miwili nje. Alinyoa ndevu. Mama Agnès alimtania kwamba sasa atafutiwe mke. Wakipita dirishani kwangu, vijana walisema, "Twende kwa mashine ya Ilunga." Mashine ya Ilunga. Mara ya kwanza nilitabasamu. Mara ya kumi nilikuwa nasikiliza kama kuna atakayesema jina lingine. Siku moja mgeni mmoja alimwuliza Ilunga mbele yangu nani aliyeitengeneza, na Ilunga akanyoosha kidole, akasema, "Ni Jené huyu. Yote ni yeye." Yule mtu akanitazama, akacheka, akadhani ni mzaha, kwa sababu nilikuwa msichana mwenye kitenge na ndoo mkononi. Ilunga hakucheka. Lakini hasira yangu, badala ya kumwendea yule mgeni, ilitafuta mahali karibu pa kukaa.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba aliyefanya yaliyofuata ni Fiston. Ni kweli kwamba Fiston alipata chumba kikubwa zaidi Manika, karibu na soko, na aliniita akaniambia, "Jené, kule kutakuya batu ya kila namna. Hii mashine iko nyuma-mbele. Mutu anakuya, anaketi, mikono inapotea. Na ile kitu ya ngozi inafanya batu baone kama ni mashine ya bilema. Utoe. Uweke kama benzako banawekaka: usukani kushoto, kichwa ya mupira, springi ya nguvu. Kisha utanitengenezea ingine, na ingine. Batu bote batakujua." Sikumwuliza Ilunga atacheza na nini. Hata Fiston mwenyewe aliuliza, "Na Ilunga?" nami ndiye niliyejibu, "Ilunga atazoea." Yale maneno mawili ni yangu. Hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Na haikuwa lazima. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Vitufe vilikuwa katikati. Ningeweza kutoboa tundu jingine upande wa kushoto, nikafunga usukani wa pili kwenye waya zile zile, na kila mtu angekaa upande anaoutaka. Ile fotokopi ya Manika ilikuwa bado na swichi tele tumboni. Shina la pili ningelitengeneza kwa bolti na kipande cha mpira, siku mbili za kazi, pengine tatu. Nililifikiria wazo hilo. Hata nililichora nyuma ya daftari. Kisha nikalifunga daftari, kwa sababu ubao wenye pande mbili ungeendelea kuitwa mashine ya Ilunga.

Ilunga alikuwa amekwenda Bukama siku nne kwa msiba wa upande wa baba yake. Nilifanya kazi ile mchana kweupe, sebuleni, mama Agnès akiwa barabarani kwenye masufuria yake. Nilifungua skrubu za kikombe, nikakiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na springi za kalamu, nikaupeleka mfuko ule kwenye shimo la taka kabla sijapata muda wa kubadili nia. Usukani nikauhamishia kushoto. Nikafunga juu yake mpira mweusi wa gia ya lori, na springi ngumu. Matundu yaliyobaki kulia niliyaziba kwa unga wa mbao na gundi, nikapaka rangi nyekundu. Rangi mpya haikulingana na ya zamani. Palibaki doa, kama sahani, lililoonekana ukisimama upande wa dirisha. Kisha Fiston akaja na gari, tukaupakia ubao.

Ilunga aliporudi kutoka Bukama hakunikuta nyumbani. Akaambiwa chumba cha michezo kimehamia Manika, akaja moja kwa moja, na begi lake begani. Chumba kilikuwa kimejaa. Waliomjua wakampisha, wakapiga makofi, mtu akamvutia kiti. Nilikuwa kwenye kona, na ningeweza kumfikia kabla hajaketi. Sikwenda. Aliketi upande wa kulia, akaweka mkono wake juu ya lile doa, na mkono ukabaki pale, juu ya ubao mtupu. Aliupapasa. Nadhani kwa dakika nzima alidhani amekosea kiti. Kisha akauona mpira kule kushoto, akautazama, akavuka mwili wote kuufikia kwa mkono wa kulia, na mkono ukateleza. Akajaribu kinyume, usukani kwa kushoto na vitufe kwa vile vidole viwili. Vitufe havikumsikia. Kijana aliyekuwa akicheza naye, ambaye hakuwahi kumshinda mtu, alimshinda mara mbili kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha munkoyo, togwa ya mahindi. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Ilunga alisimama, akampa yule kijana mkono, wa kushoto. Akanijia kwenye kona. "Umetengeneza muzuri, Jené," akasema. "Sasa batasema ni yako." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kibao. Nikamwambia, "Ni yaya Fiston alisema." Akatikisa kichwa, akabeba begi lake, akatoka. Hakurudi pale tena. Wiki iliyofuata alirudi kwenye mashimo ya madini. Hakuweza kushika sururu, kwa hiyo alivuta kamba ya magunia, akiizungusha kwenye mkono na bega. Alikuwa akitoka asubuhi kabla sijaamka na kurudi nimeshakula. Mama Agnès aliendelea kunipakulia, akaendelea kula kwa mkono wa kushoto. Hakuniuliza kitu. Nilidhani ananikasirikia kimya kimya, nami nikaanza kula barabarani.

Kazi ya Likasi ilitokana na ubao ule. Fundi mkuu mmoja wa karakana ya umeme, mtu wa makamo mwenye miwani, alipita Manika kwa shughuli zake, akaingia kwa Fiston kujikinga na mvua. Aliugeuza ubao, akafungua mgongo, akatazama lehemu zangu kwa muda mrefu bila kuamini, akauliza, "Nani alitengeneza?" Nikasema, "Ni mimi." Safari hii hakuna aliyecheka. Akaniambia anahitaji mwanafunzi wa kazi mwenye mikono kama hiyo. Kisha akapitisha kidole juu ya lile doa la upande wa kulia. "Na hapa? Kulikuwa nini?" Mvua ilikuwa ikipiga bati, na Fiston alikuwa anazungumza na wateja, hakuna aliyetusikia. Ningeweza kumwambia. Ingechukua sentensi tatu, na nadhani sasa kwamba mtu yule angeniheshimu zaidi kwa kile nilichokiondoa kuliko kwa kile nilichokiweka. Nilimwambia, kwa heshima kama kwa baba, "Nilikosea kupima, tata." Akatabasamu, akasema kila fundi hukosea. Mwisho wa mwezi nikaondoka Kolwezi. Ilunga alikuwa mashimoni siku ile. Sikumwachia hata barua.

Chumba cha Fiston kilifungwa kabla ya mwaka kwisha. Watu walianza kununua vyombo vyao vya kuchezea nyumbani. Hakuna aliyekumbuka ubao ulikwenda wapi. Jina hilo nililolitamani, "ya Jené", lilidumu msimu mmoja wa mvua.

Tulimzika mama Agnès alasiri. Tuliporudi, watu walinawa mikono langoni, wakaanza kula, na mimi nikamkuta Ilunga peke yake nyuma ya nyumba, akisafisha brashi kwa petroli. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu Likasi. Niliyasema yote: daftari lenye mchoro, mfuko wa plastiki, shimo la taka, fundi na lile doa. Alisikiliza huku akifinya nywele za brashi kwa vidole vyake viwili. Sasa anaandika vibao tena, aliniambia baadaye. Miaka miwili ya kamba, kisha siku moja alichoka, akanunua rangi, akaanza upya na kushoto. Ana mke na mabinti watatu. Nilipomaliza, aliipangusa brashi kwa kitambaa. Kisha akasema, "Ile mambo ya mpira na ngozi, mi nilisahau. Kile sikusahau ni ile: haukunilomba. Ungenilomba, Jené, ningekupa. Ni mi mwenyewe ningeshika tournevis, nifungue skrubu."

Nikamwambia nilitaka angalau kumwomba mama msamaha, na nimechelewa. Kwamba alikufa akijua nilivyomfanyia mtoto wake.

Alinitazama kwa mshangao. "Mama hakujuaka," akasema. "Nilimuambia ni mi nilikulomba uitoe ile ngozi, sababu michezo ilinichokesha. Na kila Noeli aliniuliza: Jené aliandika? Nilimuambia ndiyo, anakusalimia, kazi iko mingi kule Likasi. Alifurahi. Juzi mu hospitali aliniuliza tena. Nilimuambia uko mu njia."

 Mtu alimwita kutoka uani, wanaume walikuwa wanakunja turubai, akaifunga brashi kwenye gazeti akaenda. Nilibaki nimesimama mpaka dada mmoja mzee, mwenye kitambaa cheusi kichwani, alipotoka kunitafuta. Akanishika mkono na kusema, "Weye njo Jené? Yule mwenye kutumaka salamu? Kuya, tulikuwekea nafasi pamoja na batoto bake." Sikumsahihisha. Niliingia ndani, nikaketi kwenye mkeka kati ya watoto wa mama Agnès, mahali ambapo Ilunga alikuwa amenitunzia miaka yote ile, nikapokea sahani.